Kulea watoto nyumbani inahesabika "kazi" kwenye fomu ya kura ya posta? Niko New Hampshire

MamaMapacha_603

Hamjambo wapendwa, naombeni msaada wenu wale mnaoelewa mambo ya kura huku Marekani maana fomu iko mezani siku ya tatu leo nashindwa kuijaza. Niko Manchester, New Hampshire. Uraia nilipata mwaka jana na hii ya Novemba 3 ndo kura yangu ya kwanza maishani, sijawahi kupiga kura popote, kwetu Fizi, Kongo, niliondoka mdogo sana nikakulia kambini Nyarugusu na mkimbizi hana nchi ya kuipigia kura. Kujiandikisha nilishajiandikisha kwa karani wa jiji, nilibeba cheti cha uraia na barua ya nyumba wakavikubali bila maneno.

Sasa shida iko hivi. Nina mapacha wa miezi mitano na mkubwa wao ana miaka mitatu. Baba yao anaendesha trela, anatoka Jumapili usiku anarudi Ijumaa, na kura ni Jumanne. Ndugu sina hapa, yule dada wa kanisani anayenisaidiaga kushika watoto siku hiyo yuko shifti hospitali tangu asubuhi mpaka usiku. Tunakaa ghorofa ya tatu hakuna lifti, gari hatuna lingine, kituo changu ni mwendo wa nusu saa kwa mguu na Novemba huku mnajua baridi yake. Nilijaribu wiki iliyopita kwenda mpaka duka la kona tu na wote watatu, kubeba mmoja kushusha, kumuacha chini na mkubwa, kupanda kumchukua wa pili, nilifika duka natetemeka sio kwa baridi, ni kwa hofu ya ile dakika mmoja yuko juu peke yake na wawili wako chini peke yao.

Fomu ya kura ya posta inauliza kwa nini huwezi kufika kituoni. Kuna kusafiri, kuna dini, kuna ulemavu, kuna kazi. Mimi sisafiri, sio mlemavu, wala siajiriwi popote, niko nyumbani na watoto. Kiingereza cha kuongea ninacho ila hiki cha sheria kinanishinda, nilisoma mpaka hapo kwenye kazi nikaishia hapo. Binamu ya mume wangu akasema hiyo ni ya watu wenye mwajiri, nikiweka tiki hapo nimedanganya serikali, na chini ya fomu wameandika ukitoa habari za uongo unashtakiwa. Uraia wangu bado mbichi jamani, siwezi kuuchezea. Lakini pia nimeusubiri miaka, sitaki kura ya kwanza inipite nikiwa nimekaa na chupa za maziwa. Kuna mama yeyote humu alishawahi kujaza hii fomu kwa sababu ya watoto tu?

Mzee_Nashua

Hujambo binti. Mimi niko Nashua hapo jirani yako, nimepiga kura jimbo hili zaidi ya miaka ishirini. Chukua fomu yako sasa hivi kabla hujasoma maneno yangu mengine, rudi pale pale ulipoishia kwenye neno kazi, soma sentensi inayofuata. Imeandikwa kwamba kwa ajili ya ombi hili, neno kazi litajumuisha kulea watoto na kuhudumia watu wazima wasiojiweza, kwa malipo au bila malipo. Soma tena hayo maneno ya mwisho, bila malipo. Hiyo ni sheria ya jimbo, sio huruma ya karani. Kwa hiyo ukiweka tiki pale hudanganyi, unasema ukweli kwa maneno ambayo sheria yenyewe imeyachagua.

Mke wangu alijaza fomu hiyo hiyo mwaka 2016 akiwa anamhudumia mama yangu mzazi ambaye alikuwa hainuki kitandani. Alisita kama wewe, akasema mimi siajiriwi na mkwe wangu. Tukakaa tukasoma pamoja mstari kwa mstari, akatia saini, kura ikahesabiwa.

Ila nikupe na upande wa pili ili usiogope baadaye. Sharti la sababu hii ya kazi ni kwamba wajibu huo unakubana tangu kituo kinafunguliwa mpaka kinafungwa, sio kwamba itakuwa usumbufu. Mtu ambaye mume wake anarudi saa 10 jioni akashika watoto, huyo anaweza kufika, aende. Wewe kwa ulivyoeleza, mume yuko barabarani tangu Jumapili, msaidizi yuko kazini kutwa, watoto watatu chini ya miaka minne, uko ndani kabisa ya hicho kipengele. Na kwa faida ya wengine, jimbo letu halina zile siku za kupiga kura mapema kama majimbo mengine, ni siku moja ile ya Jumanne au hii kura ya posta basi, ndio maana hiyo sentensi moja ina uzito sana kwa wazazi.

MamaMapacha_603

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma. Nimelia kidogo, sijui kwa nini, nadhani ni hilo neno bila malipo. Miezi mitano silali masaa matatu mfululizo na kila mtu akiniuliza nasema sifanyi kazi, niko tu nyumbani.

Sasa naomba unielekeze na hatua zingine maana nimeona wanataka kitambulisho, na sijui nani anaruhusiwa kuirudisha.

Mzee_Nashua

Marahaba mwanangu. Kitambulisho ni jambo jipya, sheria ilibadilishwa 2025. Zamani ulikuwa unajaza ombi unatia saini unatuma imeisha, sasa hivi ombi lazima liambatane na kopi ya kitambulisho chako chenye picha, au saini yako ishuhudiwe na notari, au uende mwenyewe ofisini kwa karani ukionyeshe. Kwako wewe kopi ndo rahisi kuliko zote, piga picha leseni au kitambulisho cha jimbo, tafuta mtu akuprintie, ambatanisha. Usitume ombi tupu halafu ukae unasubiri, hilo litarudishwa na siku zitakuwa zimekwenda.

Karatasi ya kura ikija utakuta na bahasha mbili. Unaweka alama zako, unaikunja unaiingiza kwenye bahasha ya ndani ile yenye maelezo ya kiapo, UNATIA SAINI kwenye hiyo bahasha, halafu ndo unaiweka kwenye ya nje. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kura nyingi zinakufa hapo, mtu kachagua vizuri kabisa kasahau saini kwenye bahasha ya ndani na kura haihesabiwi. Mama mwenye watoto wanaolia pembeni ni rahisi sana kusahau. Fanya usiku wamelala.

Kurudisha, ni lazima iwe imemfikia karani kabla ya saa 11 jioni siku yenyewe ya kura, wao wanaandika saa 5, na nasema imfikie, sio iwe imetumwa. Muhuri wa posta wa siku hiyo haukusaidii kitu. Kama siku zimebana unaweza kupeleka kwa mkono, wewe mwenyewe au mtu wa familia, mume, mzazi, ndugu wa damu, ataonyesha kitambulisho na kujaza fomu kwamba ndiye aliyeileta. Yule dada wa kanisani hata kama ni mtu wa moyo safi usimpe aende nayo kwa karani, rafiki tu hayumo kwenye orodha. Mume wako akirudi Ijumaa ya kabla ya kura aipeleke yeye, au mpakieni wote garini muende pamoja.

Na wengine mnaosoma humu, hii ya kura ni kwa raia tu. Mwenye grini kadi asijaze, hata kama mtu amemgawia fomu mlangoni au amemwambia haina shida. Kujidai raia kwenye karatasi za kura kunaweza kukufukuzisha nchini na kukufungia uraia milele, na kuna watu wameingia humo kwa kutokujua tu. Huyu binti ana cheti chake, yeye yuko salama.

Zai_Houston

Mashallah mzee Mungu akuweke. Dada hongera kwa mapacha na kwa uraia. Mimi nasoma haya nikiwa Texas naona kama mnazungumzia nchi nyingine. Huku kwetu kura ya posta ni ya mtu wa miaka 65 kwenda juu, mgonjwa au mlemavu, mtu atakayekuwa nje ya kaunti siku zote za kupiga kura, na aliyefungwa. Kwa upande wa mama waliongeza kwamba ukitarajia kujifungua ndani ya wiki tatu kabla au baada ya siku ya kura unaruhusiwa. Wiki tatu! Mimi 2022 mwanangu alikuwa na miezi miwili, nimeshonwa, namnyonyesha kila saa na nusu, kwa sheria mimi ni mzima sina sababu yoyote.

Kinachotuokoa ni kwamba kuna karibu wiki mbili za kupiga kura mapema kwa kwenda mwenyewe, na mtoto anaruhusiwa kuingia na mzazi mpaka kwenye mashine. Nilienda Jumamosi moja mume akiwepo, foleni ilikuwa ndefu nikanyonyesha nimesimama.

Kinachoniuma ni kwamba tuliwahi kuonja kizuri zaidi. 2020 wakati wa korona kaunti yetu ya Harris ilifungua vituo vya kupigia kura ndani ya gari, unaingia na gari lako, wanakukagua kitambulisho dirishani, wanakupa kimashine unapiga hapo hapo. Watoto wangu wawili walikuwa nyuma wamefungwa mikanda mmoja amelala fofofo. Zaidi ya watu 120,000 walipiga kura kwa njia ile kaunti hii moja. Na kulikuwa na vituo vya masaa ishirini na nne siku moja, rafiki yangu muuguzi alienda usiku wa manane akitoka shifti akamuacha mume na watoto wamelala. Mwaka uliofuata, 2021, bunge la jimbo likapitisha ile sheria ya kura wanayoiita SB 1 likapiga marufuku yote mawili. Walisema ni kulinda kura. Mimi sijaona mpaka leo kura yangu ya ndani ya gari ilikuwa na kasoro gani, nilionyesha kitambulisho kile kile ninachoonyesha nikisimama kwa miguu.

Kwa hiyo dada jaza hiyo fomu, usiiache. Kuna majimbo mama zao wangeipata hiyo sentensi moja wangeifremu.

Furaha_wa_Uvira

Mama Mapasa jambo! Pole na kazi, na pongezi sana, miye pia ni wa Kivu ya Kusini, Fizi na Uvira ni kwetu hapo hapo. Niko Indianapolis. Huku mu Indiana kwenye fomu kuna fasi ya mtu anayechunga mtu, lakini wanasema lazima huyo mtu awe amefungiwa mu nyumba juu ya ugonjwa ao kuumia. Mutoto muzima haingii humo. Sawa vile mutoto wa miezi mitano angeweza kujichunga juu tu hagonjwi! Mwaka moja mutoto wangu alikuwa na nimonia, tulitoka ku hopitali tukabakia mu nyumba, nikajaza hiyo fasi, wakanikubalia. Nikabakia nawaza, kumbe juu serikali inione niko nachunga mutoto ni lazima kwanza agonjwe.

Kitu yenye iko muzuri huku ni kwamba unaweza kwenda kupiga mapema, wanafunguaga siku 28 mbele ya kura, hapo hawaulizi sababu. Sisi wamama wa kanisa tunafanyaga hivi, tunakwenda wanne na gari moja, wawili wanabakia mu gari na batoto wote, wawili wanaingia, wakitoka tunabadilishana. Kama kwenu ingekuwako ningekwambia mufanye vile. Lakini mzee amesema haiko, basi chukua hiyo ya posta na moyo mweupe, haujamudanganya mutu.

Wekesa_KK

Wasalimie huko wote. Niko Kakamega na 2022 nilikuwa karani kwenye kituo hapa kwetu, kwa hivyo naandika nikiheshimu lakini nina swali. Kwetu hakuna kura ya posta kabisa, lazima ufike mwenyewe kidole chako kiingie kwa mashine, lakini mama mwenye mtoto mgongoni hapangi laini, na mjamzito na mzee pia, tunawaleta mbele mara moja. Kuna mama kule Pokot Magharibi 2017 alishikwa na uchungu akiwa kwa laini akajifungua hapo kituoni, na bado akapiga kura yake siku hiyo hiyo. Si mngeomba hivyo tu, mama aende mbele ya laini? Kura kutembea kwa posta mimi inanipa wasiwasi. Na nyumbani nani anajua kama mama amejaza mwenyewe ama bwana amesimama juu yake anamwonyesha pa kuweka alama? Ndani ya kile kisanduku cha kituo mama yuko peke yake, hata bwana hawezi kuingia.

MamaMapacha_603

Kaka Wekesa asante, umeuliza vizuri. Kwenda mbele ya laini ni heshima kubwa ila kwangu laini haijafika bado, shida yangu inaanzia ngazi za ghorofa ya tatu. Kule nyumbani ningemuachia mama mkwe, au jirani angesema leta hao watoto nenda. Nyarugusu nilikuwa naachiwa watoto wa watu sita na mimi mwenyewe nina miaka kumi na mbili. Huku ukimuacha mtoto peke yake hata dakika kumi unaweza kuitiwa polisi, na jirani yangu wa mlango wa pili mwaka wa pili huu simjui jina. Kwa hiyo hata ningepelekwa mbele ya watu wote, nani kanifikisha hapo mlangoni?

Juma_Kent

Kaka Wekesa hoja yako ya bwana kusimama juu ya mama sio ya kupuuza, mimi niiseme wazi. Niko Kent, Washington. Huku jimbo zima tunapiga kwa posta, kila mpiga kura aliyejiandikisha anatumiwa karatasi nyumbani wiki mbili na siku kadhaa kabla, huombi, huelezi sababu, hawakuulizi una mtoto au huna. Stempu imelipiwa. Ukitaka unaitia kwenye masanduku ya kura yaliyoko mitaani, yako wazi usiku na mchana mpaka saa 2 usiku siku ya mwisho. Mimi ndo ninayebaki na watoto nyumbani, mke wangu ni nesi, na nimepiga kura zote tangu 2016 kwenye meza ya jikoni mtoto mmoja akiwa mapajani.

Lakini nimeona na hiyo unayosema. Nimewahi kumsikia mtu anajisifu eti nyumbani kwake yeye ndiye anajaza karatasi zote, ya mke na ya mama yake mzazi. Hilo ni kosa la jinai na ni dhuluma. Tulimwambia pale pale msikitini mbele ya watu. Sisi nyumbani tunafanya hivi, kila mtu anajaza yake siku yake, mimi usiku yeye asubuhi akitoka kazini, tunafunga bahasha kila mtu ya kwake, hatuulizani. Sidhani kwa sababu kuna wanaume wa namna hiyo basi mama wa watoto wachanga wanyimwe kura, maana kunyimwa kabisa ni mbaya kuliko. Ila mama anayesoma humu na bwana wake anamshikia kalamu, ajue kwamba hata huku Washington kuna vituo vya kaunti unaweza kwenda kupigia kura mwenyewe, pekee yako.

Mama Mapacha, nisamehe kwa kuuliza, baba watoto naye amejaza yake? Dereva wa trela siku ya kura yuko nje ya mji, hiyo ni sababu ya kwanza kabisa kwenye fomu yenu.

MamaMapacha_603

Wee kaka Juma! Hata hatukuwaza. Yeye ni raia tangu 2021 na kura ya 2024 ilimkuta yuko Ohio na mzigo, akasema basi imenipita. Nimempigia simu sasa hivi yuko kwenye maegesho anapumzika, amesema mchukulie na yeye fomu.

Zai_Houston

Kila mtu na ombi lake na kopi ya kitambulisho chake, msichanganye kwenye bahasha moja wakaona la mmoja tu.

MamaMapacha_603

Narudi wapendwa. Ijumaa mume alirudi tukashuka wote watano mpaka ofisi ya karani, mkubwa kabeba begi la nepi kaona amepewa kazi kubwa. Tumepeleka maombi yote mawili na vitambulisho. Yule mama wa dirishani alisoma langu, akaangalia mapacha, akaandika, akasema asante, basi. Hakuniuliza mwajiri wangu nani. Mume anatoka tena keshokutwa.

Mzee nina swali moja la mwisho, ukishatuma utajuaje kama imefika, mana siwezi kulala nikiwaza iko wapi.

Mzee_Nashua

Vizuri sana binti, na msalimie mumeo. Kwenye websaiti ya ofisi ya katibu wa jimbo kuna sehemu unaandika jina na tarehe ya kuzaliwa, wanakuonyesha ombi lako lilipokelewa lini, karatasi ilitumwa lini na iliyojazwa ilirudi lini. Kama wiki inaisha hakuna kitu, piga simu kwa karani usione haya, hiyo ndo kazi yao. Na siku ya kura bahasha yako itapelekwa kituo chako kile kile, jina lako linasomwa na kukaguliwa kwenye daftari kama wale waliofika kwa miguu. Saini ya bahasha ya ndani usisahau.

Furaha_wa_Uvira

Mama Mapasa ikifika utuandikie, hata kama ni usiku.